Stress Tester: faili la bure la kupima mtaji wa benki, na kwa nini benki ndogo ilifungue

Stress Tester ni faili la Excel. Halilipiwi, na lilitoka mwaka 2007 pamoja na karatasi ya utafiti ya Martin Čihák, mchumi aliyekuwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Kazi yake ni kukuonyesha mtaji wa benki utabaki kiasi gani mambo yakiharibika: wakopaji wakishindwa kulipa, riba zikipanda, shilingi ikishuka, wateja wakikimbilia dirishani kutoa amana zao. Mimi niko idara ya vihatarishi katika benki ndogo hapa Dar es Salaam, na faili hili ndilo tunalolitegemea tunapoandaa majaribio ya mkazo, yaani hesabu za namna hiyo, kwa ajili ya bodi na Benki Kuu. Nawaandikia wenzangu wa benki ndogo, kwa sababu najua wengi mnapigiwa simu na wauzaji wa programu za mamilioni huku hamjawahi kulifungua hili.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Uwiano wa mtaji unaupata kwa kugawa mtaji wa benki kwa mali zake zilizokwisha kupimwa kwa uzito wa hatari, yaani mali yenye hatari zaidi inahesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi. Kwetu Tanzania, mtaji wa msingi, yaani hasa fedha za wenye hisa na faida iliyobakizwa, hautakiwi kushuka chini ya asilimia 10, mtaji wote usishuke chini ya asilimia 12, na juu ya hapo kuna akiba ya tahadhari ya asilimia 2.5. Kwa hiyo benki inayotaka kugawa gawio bila kuulizwa maswali inajiweka juu ya asilimia 14.5. Mara kwa mara tunapeleka uwiano huo Benki Kuu. Lakini uwiano unaopelekwa ni wa siku iliyopita. Jaribio la mkazo linauliza habari ya siku ambayo haijafika, na hapo ndipo benki nyingi ndogo zinajaza fomu ili mradi fomu imejazwa.

Hilo linaniuma, na sababu yake ni Januari 2018. Siku moja tu Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Nyingi zilikuwa benki za wananchi, za wakulima, za akina mama. Bima ya amana wakati ule ilikuwa inamlipa mwenye akaunti hadi shilingi milioni 1.5, na aliyekuwa na zaidi ya hapo akabaki kusubiri mfilisi auze mali. Mtu aliyeuza kahawa yake akaweka milioni nne benki hana habari na uwiano wa mtaji. Anayepaswa kuwa na habari nao ni mimi na wewe.

Sasa kwenye bidhaa yenyewe.

Ukilifungua faili unakutana na nchi ya kubuni iitwayo Bankistan, yenye benki kumi na mbili: tatu za serikali, tano za wazawa binafsi na nne za kigeni. Takwimu zote za benki hizo zimeshajazwa. Kuna karatasi ya takwimu, karatasi ya makisio, kisha karatasi moja moja kwa kila aina ya hatari: mikopo, riba, fedha za kigeni, kukopeshana baina ya benki, ukwasi (yaani fedha zilizo tayari kuwalipa wanaotoa amana), na mwishoni karatasi ya matukio inayokusanya yote pamoja. Unabadilisha namba kwenye karatasi ya makisio, matokeo yanabadilika kila mahali papo hapo. Fomula ziko wazi zote. Unabofya seli, unaona imetoka wapi, unaifuata nyuma mpaka kwenye takwimu ya kwanza.

Huo uwazi ndio sifa yake kubwa kuliko zote, na ngoja nieleze kwa nini nauthamini hivyo. Kabla ya faili hili benki yetu ilikuwa imelipia programu ya kampuni moja ya nje. Ilikuwa na picha nzuri, michoro inayosogea, ripoti ya kurasa nyingi inayojitengeneza yenyewe. Ilisema kwamba pato la taifa likipungua kwa kiasi fulani, mikopo yetu chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyopaswa, itapanda kwa kiasi fulani. Mwenyekiti wa kamati ya vihatarishi ya bodi, mzee mmoja mhasibu wa siku nyingi, akauliza swali moja tu: hiyo namba imetoka wapi? Tukawaandikia wauzaji. Jibu likaja kwamba vigezo vya mlinganyo ni mali yao, hawawezi kuvitoa. Mzee akaiweka ripoti mezani akasema, "Mwanangu, siwezi kusaini kitu ambacho na wewe hukijui." Tulikuwa tumelipa leseni ya mwaka mzima.

Hata wangevitoa vigezo, shida ingebaki palepale. Programu za namna ile zinajifunza kutokana na historia: zinatazama miaka ambayo uchumi ulishuka, zinaona mikopo chechefu ilipanda kiasi gani, zinachora mstari. Historia yetu haina mteremko wa kujifunzia. Takwimu rasmi zinaonyesha uchumi wa Tanzania ulikua kwa karibu asilimia 7 kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2018, na katika kipindi hichohicho mikopo chechefu ya sekta nzima ikavuka asilimia 10, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inakitaka ni asilimia 5. Ukiupa mlinganyo takwimu hizo utakwambia ukuaji wa uchumi hauna uhusiano na watu kushindwa kulipa, au utakupa uhusiano wa kinyume. Hesabu itakuwa imefanywa sawasawa, lakini maji yaliyotuzamisha yalipita upande mwingine.

Yalipita wapi? Aprili 2017 serikali ilitangaza orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kila mtu wa benki anajua mikopo ya watumishi ndiyo tunayoiona salama kuliko yote, maana makato yanatoka kwenye mshahara kabla mhusika hajaugusa. Mshahara ukikatika, makato nayo yanakatika siku hiyohiyo, na mara nyingi dhamana ilikuwa ni huo mshahara. Kisha Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wanunuzi binafsi kutoa bei ndogo. Ukiwa umemkopesha mfanyabiashara wa korosho Mtwara au Lindi, msafirishaji, mwenye ghala, biashara yao ya msimu ule ilibadilika kwa tangazo moja. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa: watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi kama 620,000. Arusha na Zanzibar zilijua maana yake kabla ya takwimu yoyote kutoka.

Katika matukio hayo hakuna hata moja ambalo mlinganyo wa pato la taifa ungelitabiri. Stress Tester halidai kutabiri. Linakuachia nafasi uandike mkazo wako mwenyewe, kwa sekta, kisha linakupigia hesabu ya matokeo. Karatasi ya mikopo ina sehemu ya mikazo ya kisekta: unataja asilimia ngapi ya mikopo ya kilimo itaharibika, asilimia ngapi ya utalii, ya ujenzi, ya biashara, kila moja peke yake. Sekta za Bankistan unazifuta, unaweka zako. Sisi tuliweka korosho peke yake nje ya kilimo, tukaweka mikopo ya watumishi, tukaweka wakandarasi wanaodai serikali. Kisha tukakaa na maofisa mikopo wa matawi na kuwauliza: msimu ukiharibika Masasi, kati ya wateja wenu kumi ni wangapi watasimama? Dada mmoja wa tawi la kusini alitupa majibu ambayo hayako kwenye hifadhidata yoyote. Alijua nani ana duka lingine linalomwingizia, nani anategemea korosho tupu, nani ameshachukua mkopo mwingine kwenye benki ya jirani. Namba zetu za mkazo zilitoka humo, na bodi ilipouliza zimetoka wapi, tuliwaonyesha karatasi ya mahojiano.

Karatasi hiyo ya mikopo ina hatua nne, nazo zimepangwa kwa akili. Ya kwanza inasahihisha tengo, yaani fedha zilizowekwa kando kufidia hasara, la mikopo ambayo tayari ni mibovu: inauliza kama kweli umetenga fedha za kutosha, na kama thamani ya dhamana uliyoandika ni ya kweli. Nimeona benki zinaruka hatua hii kwa kuwa inaleta hasara kabla ya mkazo wowote kuanza. Usiiruke. Ya pili inaongeza mikopo chechefu kwa kiwango kimoja kwa kila benki. Ya tatu ndiyo hiyo ya sekta. Ya nne inaangusha wakopaji wakubwa mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya pili ina mtego. Ukichagua kuongeza mikopo chechefu kwa uwiano wa ile iliyopo, benki yenye mikopo mibovu michache inapata mkazo mdogo. Inaonekana haki, mpaka ukumbuke kwamba benki inayokua haraka daima ina mikopo mibovu michache, kwa sababu mikopo yake ni mipya na haijapata muda wa kuharibika. Mkopo wa miezi minne hauna historia. Kwa benki iliyokuza mikopo yake kwa kasi mwaka uliopita, piga mkazo kwa uwiano wa mikopo mizima, siyo ile mibovu. Tofauti ya matokeo itakushtua.

Lakini nataka tukae kwenye hatua ya nne, maana kwa benki ndogo hapa ndipo uhai wake ulipo. Nichukue mfano wa kubuni wenye ukubwa unaofanana na benki nyingi za kwetu. Mtaji ni shilingi bilioni 24, wote wa msingi. Mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari ni bilioni 150. Uwiano ni asilimia 16, benki inapumua. Wakopaji wake wakubwa watano wanadaiwa bilioni 5.2, 4.1, 3.6, 2.9 na 2.2. Kisheria hakuna tatizo: mkopaji mmoja haruhusiwi kuvuka robo ya mtaji wa msingi, yaani bilioni 6 hapa, na hata yule mkubwa yuko chini yake. Mkaguzi atapita, ataweka alama ya vema.

Sasa mwangushe wa kwanza, na uchukulie kwamba nusu ya deni itarudi kwa kuuza dhamana. Hasara ni bilioni 2.6. Faili linapunguza hasara hiyo kwenye mtaji na kwenye mali zilizopimwa pia, kwa hiyo uwiano unakuwa 21.4 kugawa kwa 147.4, asilimia 14.5. Mteja mmoja tu, na akiba yote ya ziada juu ya 14.5 imekwisha. Wa pili akianguka, asilimia 13.3. Wa tatu, asilimia 12.2. Wa nne, asilimia 11.3, na sasa uko chini ya kiwango cha sheria. Watu wanne. Wote wameheshimu mipaka, wote wamepitishwa na kamati ya mikopo, na pengine wote wanne ni wakandarasi wanaosubiri malipo kutoka kwenye wizara ileile.

Hapo umechukulia nusu ya deni inarudi. Badilisha seli moja tu, sema kinachorudi ni robo. Wa kwanza akianguka uko asilimia 13.8. Wa pili akianguka uko asilimia 11.9. Watu wawili wanatosha.

Kwa hiyo namba inayoamua uhai wa benki kwenye mfano huu ni ile ya dhamana, na ndiyo namba ambayo watu wanaijaza bila kufikiri. Taarifa ya mthamini inasema nyumba ya Mbezi ina thamani ya milioni 900. Haya, iuze. Kama ni nyumba ya familia, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na ikionekana ridhaa ile ina kasoro kesi inaanza upya. Mkopaji anakwenda mahakamani kuomba zuio. Zuio linakaa. Mnada wa kwanza haupati mnunuzi kwa bei inayostahili. Dalali wa mahakama analipwa, wakili analipwa, mlinzi wa nyumba analipwa, na muda wote huo benki inawalipa wenye amana riba kwa fedha ambazo haziingizi kitu. Milioni 900 ya leo itakayolipwa baada ya miaka mitatu, pungufu ya gharama, kwa bei ya mnada, ni ngapi leo? Sisi tulivuta majalada ya mikopo yote iliyowahi kufikia kuuzwa kwa dhamana, tukahesabu fedha iliyoingia kweli na tarehe iliyoingia, tukairudisha kwenye thamani ya siku mkopo ulipoharibika. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kujifunza faili zima. Kuna majalada yalikuwa hayana hata risiti ya dalali. Lakini ndiyo kazi ya maana kuliko zote utakayoifanya, na hakuna programu ya kununua itakayokufanyia.

Faili linakuwezesha pia kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Badala ya kuuliza mkazo huu utanifikisha wapi, uliza: hasara kiasi gani itanishusha hadi asilimia 12? Kwa benki ya mfano wangu jibu ni shilingi bilioni 6.8. Ili kushuka tu hadi 14.5, inatosha bilioni 2.6. Namba hizo mbili ziandike kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza wa taarifa ya bodi. Mjumbe wa bodi ambaye si mtu wa fedha, daktari au mwalimu mstaafu, ataelewa mara moja kwamba benki yenye mikopo ya bilioni mia moja inakingwa na bilioni 6.8 tu. Kuanzia hapo maswali yao yanakuwa mazuri sana. Kwetu mzee mwenyekiti aliomba orodha ya wakopaji ambao madeni yao yakijumlishwa yanazidi kiasi hicho, na kuanzia siku hiyo orodha hiyo inakuja mbele yake kila kikao.

Sasa mapungufu, na nitayasema bila kuficha kwa sababu mtu anayelichukua faili hili kama lilivyo mwaka huu atapotoka.

Kubwa ni kwamba lilitengenezwa kabla ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayosema benki itenge vipi fedha kwa ajili ya mikopo. Tangu Januari 2018 hatungoji mkopo uharibike ndipo tutenge fedha. Tunatenga hasara inayotarajiwa: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, mara kiasi atakachokuwa anadaiwa, mara sehemu isiyorudi baada ya dhamana. Mkopo mzima, yaani unaolipwa vizuri, uko kundi la kwanza na unatengewa hasara ya miezi kumi na miwili. Ukionyesha dalili kwamba hatari yake imepanda sana, unahamia kundi la pili na unatengewa hasara ya muda wake wote uliobaki, hata kama mkopaji bado analipa. Stress Tester halijui makundi hayo. Linajua mkopo mzima na mkopo mbovu.

Pengo hilo si dogo. Chukua mikopo ya bilioni 20 iliyo kundi la kwanza, yenye uwezekano wa kushindwa wa asilimia 2 kwa mwaka na hasara ya asilimia 45. Tengo lake ni milioni 180. Ihamishie kundi la pili, ambako uwezekano wa maisha yote ya mkopo ni, tuseme, asilimia 20. Tengo linakuwa bilioni 1.8. Umepoteza bilioni 1.62 ya faida au mtaji bila mkopaji hata mmoja kukosa rejesho. Kwa benki yetu ya mfano hiyo ni karibu asilimia moja nzima ya uwiano, kutoka 16 hadi 15.1. Mwaka 2020 wateja wa hoteli walipoanza kuomba kupangiwa upya marejesho, hicho ndicho kilichotokea kwenye vitabu, na karatasi za Čihák zisingekionyesha.

Sisi tumeongeza karatasi yetu ya makundi matatu, yenye jedwali dogo la uhamaji: kati ya mikopo mia iliyokuwa kundi la kwanza Januari, mingapi ilikuwa kundi la pili Desemba, mingapi la tatu, lile la mikopo mibovu. Jedwali hilo tunalitengeneza kutoka kwenye mfumo wetu wa mikopo, kwa kila aina ya mkopo. Kisha matokeo yake tunayaingiza kwenye hatua ya pili ya faili. Inahitaji mtu anayeijua Excel vizuri na mwenye subira, lakini inawezekana, na kwa sababu fomula ziko wazi haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Pungufu la pili: faili ni la kipindi kimoja. Mkazo unapigwa leo, matokeo yanaonekana leo. Maisha hayaendi hivyo. Msimu unaharibika mwaka huu, mkopaji anahangaika mwaka ujao, dhamana inauzwa miaka mitatu mbele, na katikati benki inaendelea kupata faida inayofuta sehemu ya hasara. Karatasi ya matukio inakuruhusu kuhesabu faida ya kawaida kama kinga ya kwanza, na hilo ni jema, ila ukiwa na haraka utaandika faida ya mwaka uliopita bila kukumbuka kwamba katika mwaka wa mkazo riba ya mikopo mibovu haiingii. Punguza faida hiyo kabla hujaiweka.

Tatu, karatasi ya matukio inajumlisha mikazo kama vitu visivyohusiana. Mkandarasi yuleyule anaweza kuhesabiwa kwenye sekta ya ujenzi na akahesabiwa tena kwenye wakopaji wakubwa. Ni juu yako kumtoa upande mmoja.

Na nne ni tatizo la Excel yenyewe. Ukiingiza safu mpya katikati, marejeo ya fomula yanaweza kuhama bila kukuambia. Tumeweka utaratibu kwamba faili mama linakaa mahali pamoja, limefungwa kwa nywila, na kila jaribio linahifadhiwa kama nakala yenye tarehe pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza makisio yote na nani aliyeyapitisha. Mkaguzi wa ndani ndiye anayeshika nywila. Bila utaratibu huo, nisingempa mtu ushauri wa kulitumia.

Karatasi nyingine nitazipitia haraka. Ya riba inapanga mali na madeni kwa muda ambao riba zake zitabadilika na inagusa pia thamani ya hati fungani; ukiwa na hati fungani za serikali za miaka 20 au 25 usiipuuze, maana riba ikipanda kidogo thamani ya hati za muda mrefu inashuka sana. Ya fedha za kigeni ina sehemu ya moja kwa moja, ambayo kwa benki ndogo karibu haina kitu, na sehemu isiyo ya moja kwa moja, ambayo ina kila kitu: mteja aliyekopa dola huku anauza kwa shilingi. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ikafika zaidi ya 2,700 mwaka 2024. Deni la mteja wa namna hiyo liliongezeka kwa kama asilimia 17 bila yeye kukopa hata senti, na wewe ulikuwa umeandika kwamba huna hatari ya dola. Karatasi ya benki kukopeshana inahitaji takwimu za benki zote, kwa hiyo hiyo ni ya Benki Kuu. Mtu wa benki moja aifiche tu. Ya ukwasi inahesabu benki itahimili siku ngapi kati ya tano wateja wakitoa amana kwa kasi fulani kila siku. Ni rahisi mno kwa zama hizi ambapo mtu anahamisha amana kwa simu usiku wa manane, hivyo kasi ya kutoa iweke juu kuliko unavyodhani, na waweke pembeni wenye amana wakubwa kumi, wapige mkazo wao peke yao.

Kwa nani basi? Kwa benki ya wananchi, benki ndogo ya biashara, taasisi inayopokea amana, na kwa mwanafunzi wa benki na fedha anayetaka kuona mkazo unavyosafiri kutoka kwenye mkopo hadi kwenye mtaji. Benki kubwa yenye mamia ya maelfu ya wakopaji inahitaji mfumo unaochukua kila mkopo mmoja mmoja, na ina fedha za kuununua. Hata hivyo, ningependa kila mkuu wa vihatarishi wa benki kubwa alijaze faili hili kwa mkono mara moja kwa mwaka, kisha alinganishe na majibu ya mfumo wake wa gharama. Yakipishana sana, ana swali la kuwauliza waliomuuzia.

Ukiamua kulitumia, usianze kwa kujaza karatasi zote. Anza na wakopaji wako wakubwa ishirini na majalada ya dhamana zilizokwisha kuuzwa. Unganisha kwanza wenye uhusiano: mume na mke, kampuni tatu za mwenyehisa mmoja, mkandarasi mkuu na wale wanaomfanyia kazi ndogondogo. Jina moja likisimama nyuma ya mikopo minne, hiyo ni mikopo ya mtu mmoja. Weka namba yako halisi ya dhamana, kisha waangushe kuanzia juu, uandike ni wa ngapi anayekushusha chini ya asilimia 12. Hiyo namba ipeleke kwenye kamati ya mikopo kabla ya kikao kinachofuata cha kupitisha mkopo mkubwa, na siyo baada yake.